Moshi wa Udi Katika Bahari Isiyo na Chuma

Wenzangu wa Harrow,

Kila Jumamosi nikija mnaniuliza swali lile lile, na kila Jumamosi nalijibu nusu, kisha chai inaletwa na mazungumzo yanahamia kwenye harusi ya mtu. Juzi mmoja wenu kanishika mkono jikoni: "Raya, honestly, ulikwenda kumwaga chuma baharini au ulikuwa holiday?" Basi nimekaa kitako kuandika yote, tangu mlango wa nyumba ya mama mpaka kurudi, msome kwa nafasi zenu. Habari za tiketi na viza nimeziacha. Hazina utamu.

Kwa ambaye hajui kazi yangu, mimi ni mkemia, napima chuma kilichoyeyuka katika maji ya bahari. Kipo, lakini katika bahari ya kusini kabisa, kule kunakoanza barafu, ni kidogo mno. Chukua msumari mmoja mdogo, uuyeyushe katika mabwawa makubwa ya kuogelea makumi kadhaa, ndiyo kiasi chenyewe. Mkuu wangu wa kazi, Profesa Leonard, amesema miaka na miaka kwamba maji yale yana kila mbolea isipokuwa chuma, na ndiyo sababu mimea ya baharini, ile midogo isiyoonekana kwa macho, inadumaa. Ukiipa chuma itasitawi, na ikisitawi itavuta hewa ya ukaa, hii inayotoka kwenye magari na viwanda vyetu na kuitia dunia joto. Watu walimcheka. Mwisho akapewa meli, mara moja tu, naye amekaribia kustaafu.

Ili asadikiwe, ilibidi kwanza tuonyeshe kwamba maji tuliyoyakuta hayakuwa na chuma. Ndipo tumwage chetu, ndipo tuseme kijani hiki kimetokana na sisi. Kipimo hicho cha mwanzo nilikabidhiwa mimi. Nikikiharibu, kazi ya maisha yake imeharibika, na hakuna atakayempa meli nyingine. Nilijua hivyo tangu siku niliyofunga mizigo.

Harrow mpaka Heathrow

Mama yangu aliondoka Unguja kuja hapa London na mabegi mawili katika miaka ile ambayo wengi wetu tuliondoka, na mpaka leo haamini safari ambayo mtu hakuagwa vizuri. Jamaa wakimpigia simu kuuliza binti yake anakwenda kufanya nini huko kwenye barafu, alikuwa akiwaambia, "Anakwenda kuinywesha bahari vidonge vya damu." Nilimsikia nikacheka, kisha nikaona hakukosea. Chumvi ile ya chuma tuliyokwenda kuimwaga ndiyo ile ile wanayopewa wajawazito kliniki.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta sebuleni, kapu kalipindua, chini yake chetezo cha udi kinafuka, na juu yake katandaza mitandio yangu yote. Nilikuwa nimeshaifua na kuipanga kwenye begi. Kaitoa moja moja.

"Mama, gari linakuja."

"Na lije. Unakwenda kukaa na watu usiowajua. Mtu akikukaribia, la mwanzo ajue umetoka kwenye nyumba ya watu."

King'ora cha moshi kikaanza kulia. Mama akachukua kanga akawa anakipepea, mimi nimepanda juu ya kiti nakibonyeza, hakinyamazi. Jirani yetu Bi Hansa, Mhindi wa Kisumu ambaye amekaa Harrow miaka mingi kuliko sisi, akaja mbio na ufunguo wetu wa akiba mkononi. Akanusa, akashika kiuno.

"Ni moto ama ni harusi?"

"Ni safari," mama akamjibu.

"Haya basi. Mimi nilikuwa napiga simu kwa fire brigade."

Mama aliikunja mitandio ikiwa bado na joto, akaipanga juu kabisa kwenye begi langu, akalifunga mwenyewe. Ndani ya gari nilikuwa nanukia kama bibi harusi, na dereva, Mzungu wa makamo, alifungua dirisha kidogo bila kusema kitu. Mimi nikadhani anaona joto.

Cape Town, kuisubiri meli

Tulitua tukijua tutapanda meli siku ya pili. Tukaambiwa pampu moja ya injini imekufa na nyingine inatoka Ulaya. "Kesho," walituambia, na kesho yake tena wakatuambia kesho. Profesa Leonard alikuwa akishuka gatini kila asubuhi, anaitazama meli kama mtu anayemtazama mgonjwa, kisha anarudi hotelini na kujifungia. Ni mtu mrefu, mpole, wa sauti ya chini, ambaye akitaka kukuomba umpishe mlangoni huanza na habari za mvua. Nilimwonea huruma. Kila siku tuliyoipoteza pale ilikatwa kwenye siku zetu za baharini, kwa kuwa meli ilishaahidiwa wengine baada yetu.

Mimi na Moira tulikuwa tukitembea mjini. Moira ni mwenzangu wa maabara, mwanamke wa Uskochi, mwema sana na mwenye haya hata za kuagiza chai. Siku moja yeye alikuwa anaumwa kichwa, nikapanda peke yangu ule mtaa wa Waislamu, nyumba zimepakwa rangi za kila namna. Mwanamke mmoja mtu mzima alikuwa akifagia ngazi. Nilipompita akanishika mkono wa nguo.

"Simama," akaniambia kwa Kiingereza. Akausogeza uso kwenye mtandio wangu. "Umefukizwa wewe! Nani kakufukiza?"

"Mama yangu."

"Ingia ndani."

Jina lake Fatima. Nilikaa kwake mpaka alasiri. Alinilisha maandazi yao fulani, wanayachovya kwenye shira kisha wanayavingirisha kwenye nazi, na ndani mna iliki na ganda la chungwa. Nilikula mpaka nikaona haya. Nikamweleza kwamba nakwenda kusini kutazama chuma baharini. Akanishika goti, akaniambia babu yake alikuwa baharia na meli yake ilizama huko huko na wala haikuonekana tena. Kama sisi tunatafuta chuma baharini, basi tumtafutie na meli ya babu. Nikajaribu kumfahamisha kwamba chuma chetu hakionekani kwa jicho. Akasema anafahamu, baada ya miaka hii yote itakuwa imebaki vipande tu. Mwisho nikamwuliza jina la meli, nikamwahidi kwamba nitaangalia. Na wallahi niliangalia.

Kuteremka kusini

Pampu ikaja, tukaondoka. Habari za kutapika sitawaelezeni. Anayetaka anione faragha.

Chakula nitakielezeni. Mpishi wetu alikuwa Mreno, jina lake Rui, na alikuwa ameambiwa kwamba ndani ya meli mna Mwislamu mmoja. Sijui nani alimfahamisha na alifahamishwa nini, ila kila wenzangu walipopakuliwa samaki wa kukaanga, mimi nililetewa sahani ya viazi vya kuchemsha na yai. Mchana viazi na yai, jioni viazi na yai. Rui ananiletea mwenyewe kwa mikono miwili, anatabasamu, anasubiri nionje. Ningemwambiaje? Nikawa nasema ahsante, vitamu sana. Samaki wananukia mpaka chumbani kwangu. Mwisho aliniuliza mwenyewe, sauti imeshuka, kama dini yangu inakataza samaki siku zote au ni kwa mwezi huu tu. Nilipomwambia haikatazi hata kidogo alijipiga paji la uso, akakimbilia jikoni, na jioni ile nilikula samaki wawili.

Kadiri tulivyoshuka ndivyo jua lilivyozidi kukataa kuzama. Maji yalikuwa ya rangi ya wino, safi, hayana uhai wa kuuona. Ndege wakubwa weupe walitufuata siku nzima bila kupiga bawa. Profesa alisimama nje amevaa koti lake la manjano na kuyatazama maji yale kwa mapenzi. Aliniambia, "Yana njaa, Raya. Miaka yote nimesema yana njaa."

Chumba cha plastiki

Tatizo la kupima chuma ukiwa melini ni kwamba meli yenyewe ni chuma. Kutu iko kila mahali, kwenye vyuma vya kushikia, kwenye kamba, kwenye hewa. Kwa hiyo maji tunayavuta kwa mpira wa plastiki kutoka mbali na ubavu wa meli, na kuyafikisha ndani ya chumba tulichokijenga kwa nailoni, kinachopulizwa hewa iliyochujwa. Kuingia humo unavaa nguo nyeupe za karatasi, kofia, glavu mbili juu ya mbili. Pete huvai, saa huvai, poda hupaki. Chupa zetu zimelowekwa kwenye tindikali kwa wiki nzima London, kila moja imefungwa mifuko mitatu. Dawa ya kupimia ikikutana na chuma inatoa mwanga wa buluu dhaifu, na mashine inausoma. Mwanga mdogo, chuma kidogo.

Mimi mwanga wangu ulikuwa mkubwa.

Siku ya kwanza nilidhani ni mpira wa kuvutia maji. Tukausafisha. Siku ya pili nikadhani chupa, tukafungua mpya. Kipimo kikapanda, kikashuka, kikapanda. Nikapima hata maji yaliyosafishwa tuliyoyaleta kutoka London, ambayo hayana kitu kabisa, nayo yakawaka. Moira alipokaa kwenye kiti changu akapima, mwanga ukashuka mpaka karibu na sifuri. Nilipokaa mimi ukapanda. Basi nikajua kwamba mchafu ni mimi.

Sijui niwaelezeje fedheha hiyo. Nilioga mara mbili kwa siku. Nilikata kucha mpaka zikauma. Nilibadilisha glavu kila nikishika kitu. Watu walikuwa wapole kwangu kupita kiasi, na upole ule ulinimaliza kuliko maneno. Profesa alikuja mlangoni kwa chumba cha nailoni mara tatu. Mara ya kwanza alisema upepo utatulia. Mara ya pili akauliza kama Rui ananipa samaki. Mara ya tatu alisimama kwa muda mrefu, akafungua mdomo, akaufunga, akaniuliza mama yangu hajambo.

"Hajambo, Profesa."

"Vizuri. Vizuri sana," akasema, akaondoka.

Baadaye nahodha akatangaza kwamba hali ya hewa itakuwa nzuri kwa siku chache tu, na kama tunataka kumwaga chuma basi iwe kesho kutwa. Profesa aliniita. Aliniambia, macho yake kwenye meza, kwamba kama kipimo hakijanyooka hadi hapo itabidi Moira akae kwenye mashine. Lakini Moira alikuwa na kazi yake mwenyewe ya kutazama afya ya mimea, na mtu mmoja hawezi zote mbili. Maana yake ni kwamba tungepoteza moja. Nikasema nimefahamu. Nikashuka chumbani, nikakaa kitandani, nikalia.

Nilipomaliza kulia nilifungua begi nitoe mtandio mwingine, kwani ule niliovaa ulikuwa umelowa. Shuka la kitanda lilikuwa jeupe. Nikaukung'uta mtandio kama mnavyokung'uta, mara moja tu, na juu ya shuka lile ikaanguka chembe ya kijivu. Nikaigusa, ikapukutika kwenye kidole.

Jivu. Jivu la makaa ya chetezo cha mama.

Jivu lina chuma, na chembe moja inatosha kuchafua chupa zote za wiki. Mitandio ile nilikuwa nikiivaa kila siku chini ya kofia ya karatasi, naingia nayo kwenye chumba ambacho hata pete hairuhusiwi. Mtaniuliza ilikuwaje mkemia mzima asifikirie. Jibu ni kwamba tuliambiwa tusipake manukato, na mimi sikupaka manukato. Udi kwangu si manukato. Udi ni harufu ya nguo iliyokwisha kuwa safi. Tangu utotoni, nguo isiyonukia udi ndiyo nilikuwa nikiirudisha kwenye kapu la kufua.

Nikapanda juu mbio, mtandio mkononi. Profesa, Moira na wengine wawili walikuwa kwenye meza ya chai.

"Nimepata," nikasema. "Ni hii. Mama yangu hufukiza nguo kwa moshi. Naomba mnuse."

Hakuna aliyenusa. Walitazamana. Moira uso ukamwiva mwekundu mpaka shingoni.

"Tulikuwa... tumeona kwamba kuna harufu," Profesa akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Cape Town."

"Nyote?"

Wakaitika kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine.

"Na mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani ni mambo ya dini," Moira akasema, karibu kulia. "Tulidhani tukiuliza tutakuudhi."

Niliwaka. Niliwaambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mkubwa wangu wa kazi, kwamba wote wana shahada, wote wana pua, na wamekaa siku zote hizi wananitazama nikijisugua kama sufuria. Halafu nikakumbuka viazi vya Rui, nilivyovila nikisema vitamu sana, na hasira ikaniishia katikati ya sentensi. Nikakaa. Profesa akanimiminia chai.

Mitandio tuliitibu kama tunavyotibu chupa. Tuliiloweka kwenye tindikali nyepesi, tukaisuuza kwa maji safi, tukaisuuza tena. Profesa mwenyewe aliitundika ndani ya chumba cha nailoni, chini ya hewa iliyochujwa, anainyoosha pembe zake kwa vidole viwili kwa adabu kubwa. Mmoja mwekundu ulitoka wa waridi. Mmoja sikuuosha. Niliukatia kipande, nikakikung'uta juu ya chupa ya maji safi, na mashine ikaruka kama imechomwa. Nilifanya hivyo mara kadhaa ili pasiwe na shaka. Kisha nikavaa ule wa waridi, nikaingia, nikapima bahari.

Mwanga haukuonekana kabisa. Maji yale yalikuwa na njaa kweli kweli.

Kuzunguka boya

Tulitia boya majini, na meli ikaanza kulizunguka, kila mzunguko mpana kuliko uliotangulia, huku nyuma yetu mpira unamwaga chuma kilichoyeyushwa kwenye matangi. Rangi ya maji yale matangini ni kijani hafifu, yanawasha pua. Mtu asiyejua, kwa mizunguko ile, angedhani tumepotea njia.

Moira ndiye aliyepiga kelele ya kwanza. Mimea ilianza kuamka karibu mara moja, alisema, inafanya kazi kama imetoka usingizini. Lakini kwangu mimi chuma kilikuwa kinakimbia. Ndiyo tabia yake. Ukikitia kwenye maji yenye hewa kinageuka kutu, chembe ndogo ndogo, kinazama. Siku chache tu na kipimo kikawa kinarudi chini. Profesa alikuwa anasoma namba zangu amesimama nyuma ya nailoni. Tukamwaga tena. Na safari hii kikakawia. Kuna kitu katika maji kilikuwa kinakishika chuma kisizame, kitu kilichotengenezwa na viumbe wenyewe, nadhani, baada ya kuonja. Kwa nini hakikuwepo mara ya kwanza kwa wingi ule, mpaka sasa hatujaafikiana.

Bahari ikageuka kijani. Si kijani cha kusimuliwa, ni cha kuona kwa macho ukisimama sitahani, upande huu wino, upande ule kijani, na mpaka wake unaonekana. Profesa alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Rui alitoka jikoni na kisu mkononi akaja kutazama naye.

Kama mimea ile ilizama na ile hewa iliyoivuta, au ililiwa tu na wadudu wa baharini na hewa ikarudi angani, hatukujua. Siku zetu ziliisha kabla. Laiti pampu ile isingekufa, tungekaa tuone. Wale wanaosema dawa ya joto la dunia imepatikana hawakuwa pale, na mimi niliyekuwa pale sithubutu kusema hivyo.

Kurudi Cape Town tulipigwa na bahari vibaya, na kutoka pale mpaka Heathrow nililala njia nzima, kwa hiyo sina la kuwaelezeni.

Ukumbini

Safari yangu ninahesabu haikuishia uwanja wa ndege. Iliishia miezi mingi baadaye katikati ya London, kwenye ukumbi wa mihadhara, siku Profesa Leonard aliposimama mbele ya wanasayansi wenzake kueleza tulichokiona. Mkutano ulikuwa wazi kwa watu wote, na mama alisema atakuja. Alikaa safu ya tatu na baibui lake jipya, mkoba magotini, anawatazama watu kama yuko kwenye maulidi ya jirani.

Mama sikuwa nimemwambia habari ya jivu. Mngemwambia nyinyi? Alinifukizia nguo kwa dua, anisindikize. Nilimweleza ndege na barafu na viazi vya Rui, nikaruka hapo.

Profesa alieleza vizuri, na picha ya duara la kijani ilipotokea watu walivuta pumzi. Kisha akainuka bwana mmoja mwenye tai ya mistari, mmoja wa wale waliomcheka zamani.

"Naona vipimo vya chuma vya siku za mwanzo mmevitupa," akasema. "Vilionyesha chuma kingi. Vya baadaye vilionyesha hakuna, hivyo mmevishika. Mlivitupa kwa sababu vilikuwa vichafu, au kwa sababu havikukupendezeni?"

Hilo ndilo swali lililoweza kumzika.

"Uchafu uliingia na nguo," Profesa akasema.

"Nguo za nani? Uchafu gani?"

Profesa alinitazama mara moja, akamtazama mama, maana nilikuwa nimemtambulisha mlangoni, akatazama karatasi zake. "Sioni kama ni lazima kulieleza hilo," akasema. Watu wakaanza kugeukiana. Nikaona kwamba mzee huyu ataiacha kazi ya maisha yake ife pale mbele ya macho yetu kuliko kulitaja jambo langu hadharani.

Nilisimama.

"Nguo ni zangu," nikasema. "Uchafu ni jivu la udi. Mama yangu alifukiza mitandio yangu kabla sijaondoka, ni mila yetu, na mimi niliivaa kazini. Nilikipima kitambaa kisichooshwa, kisha nikapima bahari nimevaa kilichooshwa. Nina namba zote. Ukitaka, kipande kilichobaki ninacho, njoo maabara ukikung'ute mwenyewe."

Mtu mmoja akacheka kwa mshangao, si kwa ubaya. Bwana wa tai akauliza maswali mawili ya kipimo, nikamjibu, akasema ahsante, akakaa. Maswali mengine yakaendelea. Nilimtazama mama. Alikuwa ametulia tuli, anatazama mbele.

Tulitembea mpaka Baker Street, tukapanda treni. Tukapita Finchley Road. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

"Mama, usiwe na uchungu. Hukujua."

"Hilo limekwisha," akasema. "Mimi nauliza jengine. Hao watu wote walinusa?"

"Walinusa."

"Siku zote hizo?"

"Ndiyo, mama."

"Na hapana hata mmoja aliyekwambia."

"Waliona haya. Waliogopa kuniudhi."

Mama akanishika mkono, akauweka juu ya mkoba wake. "Maskini mwanangu," akasema. "Kule mbali kote, na hukuwa na mtu." Macho yalimjaa machozi, na mimi yakanijaa, tukakaa hivyo mpaka Harrow, watu wanasoma magazeti yao.

Mlangoni akaniambia, "Yule mrefu, Jumapili mlete aje ale."

Jumapili asubuhi alipika pilau. Nilipita jikoni nikaonja kijiko kimoja, nikakitema kwenye sinki.

"Mama, chumvi!"

"Najua. Toka jikoni kwangu."

Profesa Leonard alikuja na maua, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakalishwa mbele ya sahani iliyojaa. Mama akakaa ng'ambo ya meza, mikono kaikunja, hamwondolei macho. Profesa akala kijiko cha kwanza. Akanywa maji. Akala cha pili, akanywa maji mengi zaidi. Akanitazama mimi, nikatazama kitambaa cha meza. Akauliza kama mvua itanyesha.

Akaweka kijiko chini. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Bibi," akasema, "nisamehe sana. Chumvi imezidi."

"Imezidi?"

"Imezidi mno. Sitaweza kuimaliza."

Mama akainuka, akaiondoa sahani mbele yake, akafungua oveni na kutoa sufuria ya pili aliyokuwa ameificha humo tangu asubuhi. Akaiweka katikati ya meza, akavuta kiti chake mpaka upande wa Profesa.

"Haya," akasema. "Sasa tule."